Mwacha asili: Namna ya kusaka mizizi ya ukoo Thika na Ruiru kabla ya kufunga safari

WAHENGA walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, si kila aliyetengana na asili yake aliiacha kwa hiari.

Katika miji ya Thika na Ruiru wamo watu wengi ambao babu zao waliletwa huko na kazi ya kahawa, mkonge, reli na viwanda. Walizaa huko, wakazeekea huko, na baadhi yao wakazikwa huko. Leo wajukuu wakiulizwa kwao ni wapi, hutaja jina la shamba la mlowezi.

Kila ifikapo Desemba, baadhi ya wajukuu hao hufunga safari kwenda kutafuta ushago. Wengine huwasili kutoka ng'ambo wakiandamana na watoto wasiojua lugha ya nyanya yao. Wapo pia wageni kutoka Uingereza na Ayalandi wanaokuja kutafuta kaburi au nyumba ya jamaa aliyewahi kuishi nchini.

Wengi hurejea mikono mitupu. Sababu yake ni moja: walianza safari kabla ya kuanza utafiti. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata na mahali pa kupata kumbukumbu.

Mfano wa Moneygall na Kogelo

Mfano mwafaka ni wa aliyekuwa Rais wa Marekani, Barack Obama, ambaye damu yake inatoka Kenya na Ayalandi pia.

Kwa upande wa mama, babu yake mmoja wa kale, Falmouth Kearney, mwana wa fundi wa viatu, aliondoka katika kijiji cha Moneygall mwaka wa 1850. Uhusiano huo ulithibitishwa kwa kumbukumbu za kanisa, na Bw Obama akakizuru kijiji hicho Mei 2011. Kwa upande wa baba, nasaba yake ya Kogelo, Siaya, haikuwa imeandikwa kitabuni. Ilihifadhiwa vinywani mwa wazee, akiwemo Mama Sarah Obama, aliyefariki Machi 2021.

Kwa hivyo, zipo njia mbili za kuufikia ukoo: karatasi na kinywa. Mtafutaji wa Thika na Ruiru hana budi kuzitumia zote mbili, kwa kuwa hakuna inayojitosheleza.

Waayalandi wenyewe wanajua uchungu wa kupoteza nyaraka. Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya kumbukumbu za umma mjini Dublin iliteketea, na sehemu kubwa ya kumbukumbu za sensa za karne ya 19 ikaangamia. Hata hivyo, sensa za 1901 na 1911 zilisalia, na vitabu vya ubatizo vya parokia za Kikatoliki viliwekwa kwenye intaneti mwaka wa 2015. Kilichopotea mahali pamoja kilitafutwa pengine.

Kwa nini eneo hili ni gumu

Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka wa 1913. Kufikia wakati huo, ardhi nyingi kati ya Ruiru na Thika ilikuwa imegawiwa walowezi. Mashamba yalihitaji vibarua, nao wakatoka Kiambu, Murang'a, Ukambani na baadaye magharibi mwa nchi.

Sheria ya maskwota ya 1918 ilimtaka mkazi wa shamba la mlowezi amfanyie kazi mwenye shamba kwa siku 180 kila mwaka. Familia iliyoishi hivyo haikuwa na hati ya ardhi. Mkataba ulipokwisha ilihama, na kumbukumbu yake ikabaki katika vitabu vya mwajiri, kama vilitunzwa.

Mipaka ya utawala nayo imebadilika mara kadhaa. Fort Hall ikawa Murang'a. Wilaya ya Thika ya miaka ya 1990 ilijumuisha Gatanga na Kakuzi, lakini kuanzia mwaka wa 2013 maeneo hayo yamo katika Kaunti ya Murang'a ilhali Thika na Ruiru ziko Kiambu. Upande wa pili wa Kilima Mbogo ni Machakos. Kwa sababu hiyo, faili ya mtu mmoja huenda ikatafutwa katika ofisi tatu.

Zaidi ya hayo, mikahawa inang'olewa. Mashamba makubwa ya Ruiru yamegeuka mitaa ya makazi, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012. Laini walimoishi vibarua zinabomolewa, na makaburi yasiyo na jiwe wala msalaba yanafunikwa na nyumba. Anayeahirisha utafiti huu huenda asipate hata mahali pa kusimama na kusema, "Hapa ndipo alipolala babu."

Anza na walio hai

Hatua ya kwanza haigharimu chochote. Waketi wazee wa familia, kila mmoja peke yake, na yaandikwe wanayoyasema pamoja na tarehe ya mazungumzo. Wakiruhusu, sauti zao zirekodiwe.

Swali la "babu alizaliwa mwaka gani?" mara nyingi halina jibu. Afadhali kuuliza alitahiriwa na riika gani, alikuwa na umri gani wakati wa njaa fulani, au alikuwa ameoa kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa.

Njaa ni kalenda ya kutegemewa. Wakikuyu hukumbuka Ng'aragu ya Ruraya, njaa kuu ya mwishoni mwa miaka ya 1890, iliyoua wengi kusini mwa Kiambu na kuwalazimu wengine kukimbilia Murang'a. Hukumbuka pia Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo ya 1943. Mzee akisema alizaliwa mwaka wa mihogo, ametoa tarehe iliyo karibu na ya cheti.

Wakina mama waulizwe kwa makini zaidi. Vitabu vingi vya ardhi na vya waajiri viliandika majina ya wanaume pekee. Jina la nyanya na kijiji alikoolewa kutoka hubaki katika kumbukumbu za mabinti na wakaza wana, nao wakifa jina hilo hufa.

Majina ni ramani

Kwa Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hurithi jina la nyanya mzaa baba, na wa pili la nyanya mzaa mama. Kwa hivyo, anayejua majina ya ndugu wote wa baba yake, kwa mpangilio wa kuzaliwa, amekwisha kupata majina ya wazazi wa babu na nyanya yake bila kufungua kitabu.

Tahadhari ni kwamba jina lile lile hurudi kila baada ya kizazi kimoja. Ni rahisi kumchanganya mtu na babu yake. Dawa yake ni kuandika kila jina pamoja na la baba, la mke na la kijiji.

Baada ya majina huja muhiriga, yaani ukoo mkubwa unaonasibishwa na mmoja wa mabinti wa Gikuyu na Mumbi, kama vile Anjiru, Ambui au Acera. Lakini muhiriga umetapakaa kila mahali na hautoshi kumfikisha mtu nyumbani. Kinachotakiwa ni mbari, kizazi cha mtu mmoja aliyemiliki ardhi kwenye mgongo unaojulikana kwa jina. Kwa Wakamba, swali linalolingana na hili ni la mbai.

Waayalandi nao wana ufunguo kama huo. Nchi yao imegawika katika vitongoji zaidi ya 60,000, na mtafiti asiyejua jina la kitongoji hupotea hata akijua kaunti. Anayesema tu "kwetu ni Murang'a" yuko katika hali iyo hiyo.

Vitabu vya kanisa

Palipokuwa na misheni, palikuwa na kitabu cha ubatizo. Misheni ya Kikatoliki ya Mang'u ilianzishwa mwaka wa 1906 na Mapadri wa Roho Mtakatifu. Kambui, juu ya Ruiru, palikuwa na Wamishonari wa Injili kutoka Marekani ambao kazi yao baadaye iliungana na ya Wapresbiteri.

Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki, ambacho zamani kiliandikwa kwa Kilatini, hutaja mbatizwa, wazazi wake, msimamizi na padri. Mara nyingi pembeni huongezwa habari za ndoa. Jina la msimamizi lisipuuzwe, kwani aghalabu alikuwa jirani au jamaa.

Ili kuviona vitabu hivyo, mwandikie paroko mapema, ukitaja jina la ubatizo na miaka unayokisia. Usifike Jumapili asubuhi ukitarajia kuhudumiwa.

Ofisi za serikali

Usajili wa lazima wa vizazi na vifo haukuwafikia wananchi wote kwa pamoja. Ulianza na Wazungu na Waasia mwanzoni mwa karne ya 20, na ukaenea nchini kote kufikia mwaka wa 1971. Kwa hivyo, kukosekana kwa cheti cha babu si ushahidi kwamba hakuzaliwa hapo.

Kitambulisho cha zamani cha kitaifa kitazamwe upande wa nyuma, penye majina ya wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo. Wazee wengi walitaja huko kijiji cha baba zao, wala si shamba walikofanyia kazi.

Katika masjala ya ardhi, rejista ya ploti huonyesha mmiliki wa kwanza na jinsi ardhi ilivyorithiwa. Katika Kiambu na Murang'a, rejista nyingi zilianza baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, ambapo vipande vya ardhi viliunganishwa na kupimwa. Ikumbukwe kwamba kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, iliyodumu tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960, wanaume wengi wakiwa kizuizini au msituni. Jina linaloonekana kwenye rejista huenda likawa la ndugu aliyekuwapo siku ya kupimwa.

Kwa habari za kabla ya hapo, chanzo muhimu ni ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya na kuchapishwa mwaka wa 1934 katika mabuku matatu. Humo, mbari za Kiambu zilitaja mababu wao, mipaka yao na ardhi walizopokonywa.

Ripoti za wilaya zimo katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi, taasisi iliyoundwa mwaka wa 1965. Lisisahaulike pia Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu 1899, ambalo hutoa matangazo ya mirathi yenye majina ya marehemu na ya wanaodai urithi.

Waliopotea vitani

Familia nyingi zina babu aliyechukuliwa na Kariakoo katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia na asirudi. Si kosa la familia kutolipata kaburi. Aprili 2021, kamati ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu ya Waafrika waliokufa hawakukumbukwa kwa majina, na tume ikaomba radhi. Sanamu za askari na wapagazi katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, zinawakilisha wote hao bila kumtaja mmoja.

Kwa mgeni wa Ayalandi

Mjukuu wa mlowezi au mpwa wa mtawa huwa na karatasi nyingi kuliko mwenyeji. Watawa wa Loreto kutoka Ayalandi walifika Nairobi mwaka wa 1921, na askofu mkuu wa kwanza wa Nairobi, John Joseph McCarthy, alitoka kaunti ya Clare. Mashirika ya aina hiyo hutunza kumbukumbu za wanachama wao, na ni vyema kuyaandikia kabla ya kupanda ndege.

Familia za Kioshwal zilizofungua maduka mjini Thika nazo hufuatilia asili yao hadi vijiji vilivyo karibu na Jamnagar, Gujarat. Kila kundi hapa Thika lilikuja na mzigo wake wa kumbukumbu.

Siku ya ziara

Ukishapata jina la mbari na la kijiji, tuma habari mbele kupitia kwa chifu, mzee wa kijiji au kanisa. Anayejitokeza ghafla akiulizia ardhi ya babu huzua hofu. Mwenyeji hudhani amekuja kudai urithi, na milango hufungwa. Sema mapema kwamba unatafuta watu, wala si mashamba.

Beba nakala za picha na mti wa ukoo ulioandikwa kwa herufi kubwa. Usiende mikono mitupu kwa mzee. Keti, kunywa chai, sikiliza salamu zimalizike, ndipo uulize.

Uwe tayari pia kwa usiyoyatarajia: babu alikuwa na nyumba ya pili, shangazi alizaa kabla ya kuolewa, au ndugu wawili walisimama pande tofauti wakati wa Mau Mau. Habari za walio hai hazipaswi kutangazwa bila idhini yao, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasisitiza hilo.

Vipimo vya chembe za urithi vinaweza kuonyesha jamaa wa karibu iwapo naye amepimwa. Haviwezi kutaja mbari wala mgongo. Hilo bado linajulikana na mzee aliyeketi nje ya nyumba yake huko Gatundu, Kangema au Matungulu. Utafiti wote uliotajwa hapo juu unaweza kungoja mwezi mmoja au mwaka. Mazungumzo naye hayawezi.