Kelele Nazo ni Fasihi? Mchiriku, Bluzi na Bendi za Gereji

Utangulizi

Makala haya yalianzia kwenye ugomvi mdogo wa hosteli. Mwenzangu mmoja wa chumbani alikuwa akipiga muziki wa bendi za Kimarekani zenye makelele: gitaa linakwaruza, ngoma inapigwa kana kwamba mpigaji ana kisasi nayo, na mwimbaji anapayuka hata maneno hayasikiki. Wengine wakamwambia azime, watu wana mtihani. Mimi nikasema, "Hebu iache kidogo." Wimbo wenyewe sikuwahi kuusikia hata siku moja, lakini ule mkwaruzo niliujua. Niliusikia utotoni kwetu Umwe, Rufiji, usiku wa harusi, kutoka kwenye kinanda kidogo cha Casio kilichofungwa kwenye betri ya gari. Kwetu tunauita mchiriku.

Nilipoyasema haya kwenye semina, watu walicheka. Mwalimu mmoja hakucheka, ila aliuliza swali lililonikosesha usingizi: "Sawa, lakini maneno yako wapi? Fasihi ni sanaa ya lugha." Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Bendi za gereji ni zipi?

Gereji inayozungumzwa hapa siyo ile ya kutengeneza magari. Kule Marekani ni chumba cha nyumbani ambamo baba huegesha gari. Katika miaka ya 1960 vijana wengi walifanyia mazoezi humo, na muziki wao ukabeba jina la chumba. Hawakuwa na ufundi mkubwa wala vyombo vya bei. Walichukua bluzi za Waamerika Weusi wakazipiga kwa haraka na kwa hasira. The Sonics wa Tacoma walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1965, na sauti yake imejaa mikwaruzo ambayo fundi mwangalifu angeifuta. Kabla yao, mwaka 1958, Link Wray alitoa "Rumble", muziki wa gitaa mtupu. Inajulikana kwamba alitoboa spika ya kikuza sauti chake ili sauti ipasuke. Baadhi ya redio zilikataa kuupiga zikihofia utachochea vijana kupigana. Hebu fikiri: muziki usio na neno hata moja ulionekana kuwa uchochezi!

Uzi huu haukukatika. Mwaka 1986 The Gories walianza Detroit, magitaa mawili na ngoma, besi hakuna. Mwaka 1997, mji huohuo, wakaanza The White Stripes, watu wawili tu. Mwaka 2000 hao wawili walitoa rekodi yao ya "Death Letter" ya Son House, mzee wa bluzi kutoka delta ya Mississippi. Kwa hiyo, ukiifuata kelele ya Detroit kinyumenyume, unafika kwenye mashamba ya pamba kando ya mto.

Delta mbili

Hapa ndipo mimi, mtoto wa Rufiji, nilipokaa kitako. Ile inayoitwa delta ya Mississippi kwa hakika si mdomo wa mto. Ni bonde la mafuriko, mbali na bahari. Umwe nayo haiko kwenye mikoko. Iko huku juu, jirani na Ikwiriri, na watu wake wamelima bonde linalofurika. Mafuriko ya Mississippi ya mwaka 1927 yaliwahamisha watu mamia ya maelfu, na bluzi nyingi zikatungwa juu ya maji yale. Kwetu, baada ya mafuriko ya mwaka 1968, ilikuja Operesheni Rufiji, na watu wa bondeni wakahamishiwa kwenye vijiji vya nchi ya juu. Bibi yangu anahesabu umri wa wanawe kwa operesheni hiyo: huyu alizaliwa bondeni, huyu kijijini.

Kisha watu wakaenda mjini. Waamerika Weusi wapatao milioni 6 waliondoka Kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970. Mmoja wao alikuwa Muddy Waters, aliyehamia Chicago mwaka 1943. Huko alikuta baa zenye zogo, gitaa lake la kijijini halisikiki, akashika gitaa la umeme. Kelele ilianza kama haja ya kusikika, ikawa mtindo baadaye.

Vijana wa kwetu nao walishika barabara ya Kilwa, wakashukia Mbagala, wakasambaa Temeke na kwingineko. Walikwenda na ngoma vichwani mwao.

Mchiriku

Nisieleweke vibaya: sisemi kwamba mchiriku ulizaliwa Rufiji. Asili yake hutajwa kuwa ngoma za Wazaramo, watani na majirani zetu, na mahali ulipokomalia ni uswahilini, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jagwa Music, kundi lililovuma sana nje ya nchi, ni la wakati huo. Vyombo vyake ni vichache: ngoma kadhaa, kigoda kinachogongwa kwa vijiti, na kinanda kidogo cha Casio ambacho kwingine kilikuwa kitu cha watoto kuchezea. Kinanda hicho huunganishwa na vipaza sauti vyenye mdomo kama tarumbeta, mfano wa vile vya msikitini. Sauti inatoka imepasuka, na watu wanacheza hadi alfajiri.

Uswahilini nani ana gereji? Mazoezi ni uani na onyesho ni barabarani. Nyimbo husema mambo ya mtaani: kukosa kazi, dawa za kulevya, mapenzi, maradhi. Wakubwa waliuona kuwa ni muziki wa wahuni, na vibali vilikuwa vya shida. Hilo nalo si geni katika historia yetu. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni. Ajabu ni kwamba mchiriku, ulio mtoto wa ngoma zetu wenyewe, haukupata ulinzi huo. Uliishi kwenye kaseti, sio kwenye maktaba ya redio ya taifa.

Wengine husema mkwaruzo ule ni umaskini tu, kwamba wakipewa vyombo vizuri wataacha. Nakubali nusu. Ulianza kwa umaskini, kweli. Lakini Jagwa Music walipotoa albamu yao "Bongo Hotheads" mwaka 2012 kwa kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, Casio ilikuwepo na mkwaruzo ulikuwepo. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imewatangaza Konono No. 1 wa Kinshasa, wanaopiga likembe kwa umeme uliopasuka vilevile. Kitu ambacho mtu anaweza kukiacha asikiache, mhakiki hana budi kukiita uteuzi wa kifani.

Kaseti ya mjomba

Katika kazi ya uwandani tuliagizwa kukusanya tungo simulizi za kwetu na kuzinukuu. Nilirudi Umwe na kuitafuta kaseti ya mjomba wangu, marehemu sasa, aliyewahi kuimba na kikundi kimoja cha Mbagala ambacho hakikufika popote. Kaseti ilikuwa imeshikwa na unyevu, na redio ya kuipigia niliazima kwa jirani. Nilisikiliza siku mbili na daftari mkononi. Nikapata mistari minne. Iliyobaki ilikuwa kinanda na makelele.

Bibi alikuwa akipepeta mchele. Akaniita kama anavyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu: "Mume wangu, wewe unasikiliza kwa kalamu. Sikiliza ngoma kwanza." Akaacha mchele, akaanza kugonga ukingo wa ungo kwa vidole. Kila ngoma ilipopumua, akaniambia neno lililoingia pale. Wimbo mzima ukajitokeza: kijana kaenda mjini, kapata kazi ya kubeba mizigo, kila mwezi anatuma salamu na hatumi pesa, na mama anapokea salamu kana kwamba ni pesa. Bibi ndiye huyo mama. Hakuwahi kuupenda muziki ule, lakini alizijua ngoma zake.

Palibaki sehemu moja, karibu na mwisho. Nikairudisha mara tatu. "Hapo anasemaje, bibi?" Akasema, "Hapo hakuna neno. Hapo analia tu." Kisha akarudi kwenye mchele wake.

Maneno yako wapi?

Sasa namrudia mwalimu wangu. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotoka katika Mulika mwaka 1989, alitufundisha kuitazama fasihi simulizi kama tukio: kuna fanani, hadhira, mahali, wakati na kile kinachotendwa. Tukikubali hivyo, hatuwezi kuyachuja maneno tukatupa mengine halafu tukalalamika kuwa maneno ni machache. Mimi niliyanukuu maneno nikaupoteza wimbo; bibi aliishika ngoma akayapata yote mawili.

Tukumbuke pia mgogoro wa ushairi. Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, walikuwepo waliosema hayo si mashairi, ni kelele. Leo tunatahiniwa Kichomi. Sidai kwamba kila kelele ni sanaa. Zipo nyimbo za mchiriku zinazowatukana wanawake, na hizo tuzihakiki bila huruma. Ninachodai ni kwamba zihakikiwe.

Hitimisho

Leo singeli imeupita mchiriku kwa kasi, na albamu ya mkusanyo "Sounds of Sisso" ya mwaka 2017 imeufikisha ulimwenguni mdundo wa Mburahati. Bendi za gereji zina vitabu na maduka ya sahani. Kaseti za mchiriku ziko kwenye makabati, zinaota ukungu, na wanaoweza kuzisikia kwa vidole ni wazee. Napendekeza wanafunzi wa fasihi wanaotoka Pwani, likizo hii, wafike nyumbani na kuuliza nani ana kaseti. Waende na kinasa sauti, na wamwite bibi kabla ya kufungua daftari. Nilipoandika nukuu yangu, pale mjomba anapolia niliacha mstari mtupu. Alama zangu zilipunguzwa kwa mstari huo. Sijaujaza hadi leo, na wenye hoja kinyume nawakaribisha waandike.