Bustani ya Mount Gulian

Bustani ya Mount Gulian ni bustani ya kihistoria kwenye nyumba ya familia ya Verplanck, kando ya mto Hudson, karibu na mji wa Beacon, jimbo la New York, Marekani. Ni mahali panapotunza kumbukumbu ya James F. Brown (1793–1868), Mmarekani Mweusi aliyekuwa mtunza bustani wa familia hiyo kwa miaka mingi.

Nyumba

Nyumba ilijengwa katika karne ya 18. Wakati wa Vita vya Uhuru vya Marekani ilikuwa makao ya Jenerali von Steuben, na mwaka 1783 chama cha maofisa kiitwacho Society of the Cincinnati kilianzishwa humo. Iliteketea kwa moto mwaka 1931. Baadaye ilijengwa upya na bustani ikafufuliwa. Leo ni makumbusho.

Maisha ya Brown

Brown alizaliwa mtumwa huko Maryland. Mwaka 1827 alitoroka na kufika New York, akaajiriwa na akina Verplanck. Ingawa New York ilikomesha utumwa mwaka huohuo, sheria za Marekani zilimruhusu bwana kumrudisha mtumwa mtoro kutoka jimbo lolote. Hatari hiyo ilimfikia Brown alipotambuliwa na mgeni wa familia. Akina Verplanck walimlipa mmiliki wake, naye akapata uhuru. Mke wake, Julia, naye pia alikombolewa.

Brown alinunua mali yake mwenyewe, akapiga kura mwaka 1837. Hilo halikuwa jambo dogo: katiba ya New York ya mwaka 1821 ilimtaka mwanamume Mweusi awe na mali ya thamani ya dola 250 ili apige kura, sharti ambalo wazungu hawakuwekewa tena.

Shajara

Kuanzia mwaka 1829 hadi 1866 Brown aliandika shajara: hali ya hewa, upandaji, meli za mvuke mtoni, ndoa na vifo vya majirani. Siku hizi imehifadhiwa na The New York Historical. Mwanahistoria Myra B. Young Armstead aliitumia kuandika kitabu Freedom's Gardener, kilichotolewa mwaka 2012.

Watumwa wengi walizuiwa kujifunza kusoma na kuandika, hivyo maandishi yao wenyewe ni machache. Kwa sababu hiyo shajara hii ni chanzo muhimu cha historia ya kilimo cha bustani na pia ya maisha ya Wamarekani Weusi huru kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe.