Ngazi za Uhalisia: Mhusika Mbele ya Mwandishi Wake, 1615–1921

Kuwapanga wahusika wa kubuni kwa ngazi za uhalisia kwahitaji kigezo kwanza. Kigezo kikiwa uwezo, mwandishi hukaa juu daima. Hata hivyo, historia ya fasihi ya Ulaya yaonyesha kigezo hicho kikidhoofika hatua kwa hatua. Katika sehemu ya pili ya Don Quixote (1615), mhusika anajua kwamba ameandikwa. Aliposikia habari za kitabu cha bandia kilichompeleka Zaragoza, aligeuza safari akaenda Barcelona ili kukikanusha. Ujuzi anao, lakini hamfikii Cervantes. Katika Niebla (1914), Augusto Pérez anamwendea Unamuno huko Salamanca, anaambiwa kwamba hayupo, naye anajibu kwamba mwandishi pia atakufa. Mwaka 1921, jijini Roma, wahusika sita wa Pirandello walidai jukwaani kuwa wa kweli kuliko watu, kwa kuwa wao hawabadiliki. Ukumbi ukazuka ghasia. Hapo kigezo ni kudumu, si uwezo, na ngazi inapinduka: Unamuno alifariki mwaka 1936, anayeendelea kubishana na Augusto ni Unamuno mhusika.