Safu ya Pili: Tarehe ya Uongozi wa Kiungani na Minaki

Tarehe za shule zetu za misheni karibu zote zimeandikwa kwa kufuata majina ya wakubwa. Ukifungua habari za chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, ambacho baadaye kilihamia Minaki bara, utapewa msururu wa maaskofu: Tozer, Steere, Smythies, Richardson, Hine, Weston, Birley. Chini yao utapewa wakuu wa chuo, nao ni Waingereza waliotoka Oxford na Cambridge. Waafrika wanatajwa kwa wingi wao, “wavulana” au “walimu”, kisha habari inaendelea. Msururu huo ni wa kweli na sina haja ya kuubishia. Ninachokataa ni kuuchukulia kuwa ndiyo habari ya uongozi wa shule. Kiungani ilisimama zaidi ya nusu karne kwa sababu ya safu yake ya pili: walimu Waafrika, mashemasi, wake zao waliosomea Mbweni, na wanafunzi wakubwa waliowashika wadogo. Na pale shule hiyo iliposhindwa, ilishindwa kwa kuwa safu hiyo ilifanyishwa kazi yote ya uongozi bila kupewa nafasi ya juu.

Chanzo chenyewe kinaonyesha jambo hilo. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo watu waliizoea kwa herufi zake UMCA, ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikwenda Magomero katika nchi ya Nyasa mwaka 1861, na kabla mwaka uliofuata haujachanganya alikuwa amekufa kwa homa. William Tozer aliyemfuata aliamua kuanza upya, akahamia Unguja mwaka 1864. Hakufika na wanafunzi wala hakuwakuta wakimngoja. Sultani Majid alimpa watoto watano wa kiume waliookolewa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa shule. Mwaka 1870 wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, walifanywa mashemasi wadogo. Yaani miaka sita baada ya shule kuanza, watoto waliopokewa wakiwa mali ya mtu walikuwa tayari wamo katika daraja za kanisa. Farajallah hakudumu, alifariki mapema. Swedi akawa shemasi kamili mwaka 1879.

Watoto waliofuata walitoka kila upande wa bara: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, kila mmoja na lugha yake na habari yake ya kutekwa. Baadhi ya habari hizo walizisimulia wenyewe, na A. C. Madan akazikusanya na kuzitafsiri katika kitabu kilichotoka mwaka 1887 kikiwa na jina la shule yenyewe. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Hapo ndipo mizani ya uongozi ilipoanza kuinama bila mtu kuipangia. Mwingereza aliyeteremka melini alikuwa na shahada, lakini hakuweza kumwamuru mtoto achote maji mpaka afundishwe kusema. Edward Steere, aliyekuja na Tozer na kuwa askofu kuanzia 1874, aliijua lugha kuliko wenzake wote, akatoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 na kuweka matbaa iliyofanyiwa kazi na vijana wa misheni. Wasiokuwa Steere walitegemea walimu Waafrika kuanzia alfajiri hadi kengele ya usiku. Isitoshe, wageni hao hawakukaa. Sheria ya UMCA iliwataka watumike bila mshahara na bila ndoa, na hali ya hewa iliwapunguza. Steere alikufa Unguja mwaka 1882. Smythies alifia baharini mwaka 1894 akirudi kwao. Richardson aliacha uaskofu baada ya miaka mitano tu. Shule inayobadilisha wakubwa namna hiyo haiwezi kuwa na desturi, isipokuwa desturi hiyo imehifadhiwa na wale wasioondoka.

Kati ya wasioondoka, wanawake wamesahaulika kuliko wote. Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871, na shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ikawekwa hapo. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaiongoza kwa miaka mingi, akabaki Unguja hadi alipofariki katika miaka ya 1920. Kwa hiyo yeye ndiye Mzungu anayevunja kanuni niliyoisema hivi punde, na huenda si ajabu kwamba ni mwanamke, ambaye kanisa lake lisingeweza kumpandisha cheo na kumhamisha. Wasichana wa Mbweni waliolewa na walimu wa Kiungani. Ndoa hizo ndizo zilizopelekwa bara kufungua vituo: mume alifundisha wavulana na kusomesha sala, mke akashika darasa la wasichana na kuendesha nyumba ambayo kijiji kizima kiliitazama. Katika taarifa za misheni kituo kinahesabiwa kuwa na mwalimu mmoja. Kwa kazi iliyofanyika walikuwa wawili.

Ushahidi mkubwa zaidi wa nguvu ya safu ya pili ni gazeti. Mwaka 1888 Kiungani ilianza kutoa Msimulizi, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, likipigwa chapa shuleni hapohapo. Lilibeba habari za shule na za vituo, pamoja na michezo, maana Kiungani ni miongoni mwa mahali ambapo mpira wa miguu ulianzia Unguja. Faida yake kwa uongozi ilikuwa ya wazi. Mwalimu aliyepelekwa upande wa Ruvuma, mwendo wa siku nyingi kutoka pwani, alijua mwenzake wa Magila katika nchi ya Wabondei anafanya nini, na wote wawili waliendelea kujihesabu kuwa watu wa Kiungani. Misheni ilikuwa na vituo Usambara, Masasi na ziwani Nyasa, navyo baadaye viligawanywa katika dayosisi mbalimbali. Maaskofu waligawana mipaka, lakini walimu walikuwa wamesoma dawati moja. Padre Yohana Abdallah, Myao aliyesomea Kiungani na kufanya kazi Unangu, aliandika tarehe ya Wayao kwa lugha yao, ikachapishwa mwaka 1919. Mtu wa namna hiyo kumwita “msaidizi wa mmisionari” ni kukosa kuona.

Atasema msomaji: mbona unamruka Frank Weston? Huyo alikuwa mkuu wa chuo kuanzia 1901 hadi alipofanywa askofu mwaka 1908, na ni vigumu kumtaja mkuu wa shule yoyote ya Afrika Mashariki wa zama zake aliyekuwa na akili kali na moyo mkubwa kama wake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwaongoza mwenyewe wapagazi wa Unguja, na mwaka 1920 akaishambulia hadharani serikali ya nchi yake kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za kulazimishwa. Nakubali kwamba mkuu mmoja anaweza kuinua shule. Lakini tazama Weston alianzia wapi. Kabla ya kupewa Kiungani alikuwa ameanzisha chuo cha kuwaandaa mapadre Waafrika, kwa kuwa aliona kazi ya bara haiwezi kutegemea wageni. Ukuu wake umo katika kuifahamu shule aliyoikuta. Aliyekosa kuifahamu alipita Kiungani akaondoka, na jina lake leo linajulikana na wasomi wa nyaraka peke yao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuna atakayeuliza uongozi gani huo usio na amri. Walimu Waafrika hawakupanga fedha, hawakuchagua mkuu, hawakuwa na kura katika kikao kilichoamua jambo lolote kubwa. Cecil Majaliwa ni mfano ulio karibu. Huyu ni mtoto wa Kiyao aliyekombolewa utumwani, akasoma Kiungani, akapelekwa na Canterbury Uingereza. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, upande wa Masasi, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupata upadre. Chitangali aliishi na Wayao wenzake, bila Mzungu wa kumsimamia kila asubuhi, akafundisha, akabatiza na kujenga ushirika ambao vituo vingi vya Wazungu havikuufikia. Kama ulikuwapo wakati wa kumpa Mwafrika nafasi ya juu, ndio huo. Haikufanyika. Mwishoni mwa muongo huo alirudishwa Unguja, na habari yake ikafifia. Wala haiwezi kusemwa kwamba wazo hilo lilikuwa geni kwa Waanglikana: Samuel Ajayi Crowther aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Afrika Magharibi mwaka 1864, mwaka uleule Tozer alipotia nanga Unguja. Upande wa UMCA Tanganyika, John Sepeku alifanywa askofu msaidizi mwaka 1963. Tangu upadre wa Majaliwa hadi hapo ni miaka 73.

Basi pingamizi hilo nalipokea nusu. Ni kweli safu ya pili ilinyimwa cheo. Lakini kunyimwa cheo hakuifanyi kazi isiwe ya uongozi. Anayeamua mtoto gani apelekwe Kiungani na yupi abaki kijijini, anayesuluhisha ugomvi wa wazazi na misheni, anayefundisha darasa lote wakati mkuu ana homa, huyo anaongoza, hata kama barua kwenda London inatiwa saini na mwingine. Hesabu ya uongozi inayofuata saini haiwezi kueleza kwa nini vituo havikufa mwaka 1914, Wajerumani walipowakamata wamisionari Waingereza wa bara. Waliwakamata na walimu na mapadre Waafrika pia, wakawafunga wakiwashuku kuwa wapelelezi. Serikali ya vita haina muda wa kuwafunga watu wasiokuwa na neno katika jamii. Wajerumani walimjua kiongozi walipomwona.

Gharama ya kufunga nafasi ya juu inaonekana katika maisha ya Martin Kayamba. Alizaliwa Mbweni mwaka 1891, baba yake Hugh Peter Kayamba akiwa ni mtu wa Kiungani aliyefikishwa hadi shule ya Bloxham Uingereza. Mtoto naye akasoma Kiungani, na jina lake moja lilikuwa Thackeray, ambalo msomaji amekwisha kulikuta Mbweni. Alikuwa wa kizazi cha pili, mtoto wa shule kwa damu na kwa malezi. Kwa mpango wenye akili angeandaliwa kuongoza. Badala yake akaingia ukarani serikalini, na mwaka 1922 huko Tanga akaanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, kimoja kati ya vyama vya mwanzo vilivyowakutanisha Waafrika nje ya kabila, na ndani yake Wakristo na Waislamu walikaa pamoja. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge kuhusu kuunganishwa kwa makoloni ya Afrika Mashariki. Wapo wanaowabeza watu hawa kuwa makarani wa mkoloni, na makarani walikuwa kweli. Lakini ufundi wa kuendesha kikao, kuweka kumbukumbu na kuandika hoja kwa lugha mbili walitoka nao shuleni. Shule ilizaa viongozi, ikashindwa kuwapa kiti, wakaenda kukitafuta kwingine.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Katikati ya miaka ya 1920 chuo kilihamishwa kutoka Unguja kwenda Minaki, kwenye vilima vya Kisarawe, nje ya Dar es Salaam. Sababu ilikuwa ya akili: biashara ya watumwa ilikwisha, wanafunzi walikuwa wanatoka bara, na serikali mpya ya Waingereza ilikuwa bara. Minaki ikawa chuo cha walimu na sekondari ya heshima. Lakini Uhuru wa 1961 ulikuta kanisa bado lina desturi ya kutafuta wakuu ng’ambo, na UMCA yenyewe ikamezwa mwaka 1965 ilipounganishwa na shirika lingine la misheni la Kianglikana. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozitia shule za misheni mikononi mwa serikali, Minaki ikiwa miongoni mwao, baadhi ya wazee wa kanisa waliona wameporwa. Kwa upande wa majengo na ardhi wana hoja. Kwa upande wa uongozi, serikali ilifanya kwa kalamu moja jambo ambalo kanisa lilikuwa na miaka 80 ya kulifanya.

Leo dayosisi za Kianglikana zina shule tena, na mpangilio wake kila mzazi anaujua: mkuu wa shule, makamu wake, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu, matroni na patroni, mhasibu, kasisi, bodi inayokutana mara chache, na viranja wanaolala bweni moja na watoto. Picha ukutani ofisini ni ya askofu na ya mkuu wa shule. Anayejua mtoto yupi hajalipiwa ada, yupi anaumwa na yupi anataka kutoroka ni matroni au kiranja, nao katika taarifa ya mwaka hawana hata mstari. Karatasi za UMCA zimehifadhiwa Oxford, na nyingine zimo katika Nyaraka za Taifa Zanzibar. Majina ya walimu yamo humo, kituo kwa kituo. Dayosisi za Zanzibar, Tanga, Masasi na Dar es Salaam zipeleke watu wakayanakili, na shule itakapotaka kuandika tarehe yake, ianze na orodha hiyo kabla ya orodha ya wakuu.