Njia ya Olkipiei

Barabara ya lami kutoka Taveta inapita Njukini, inaingia Rombo, kisha inapanda taratibu hadi Illasit na Loitokitok, Kilimanjaro ikiwa mkono wa kushoto. Nilifika huko kutafuta njia iliyotangulia lami. Julai 1883 Mskoti Joseph Thomson alitoka Taveta pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Waliuzunguka mlima kwa mashariki, wakapita Useri, wakateremka kwenye nyika ya Njiri, upande wa Amboseli ya leo.

Mwaka huohuo wa 1883 ndio unaowekwa na wanahistoria mwanzoni mwa emutai, maangamizi ya Wamaasai. Wengi wakisikia neno hilo hukumbuka sotoka iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ndui iliyofuata. Kilichotangulia hupewa mstari mmoja: homa ya mapafu ya ng'ombe. Wamaasai waliiita kwa jina la kiungo chenyewe, olkipiei, yaani pafu. Mstari mmoja ni haba mno. Sotoka ilikuta maboma ambayo tayari yalikuwa yamezika ng'ombe wengi. Tena sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ilhali olkipiei bado tunayo.

Mzee mmoja wa Rombo alinifundisha kuitambua. "Usimwangalie ng'ombe akiwa amesimama, kijana. Mpandishe mteremko, kisha sikiliza." Mgonjwa hukohoa, hunyoosha shingo, hutanua miguu ya mbele ili kifua kipate nafasi. Akichinjwa, kifua kinakutwa kimejaa maji ya manjano na pafu limekuwa gumu, lina mabaka na michirizi kama marumaru. Anayetisha zaidi ni yule aliyepona. Hunenepa, huuzwa, hupandishwa lori la kwenda Kitengela, kumbe kifuani amebeba kipande cha pafu kilichokufa, kimefungwa ndani ya kifuko, na ndani yake vidudu vinaweza kuwa hai.

Kidudu chenyewe kilioteshwa Ufaransa mwaka 1898 na Nocard na Roux. Leo kinaitwa Mycoplasma mycoides. Ni bakteria asiye na ukuta wa seli, ndiyo maana penisilini, ambayo kazi yake ni kuvuruga ujenzi wa ukuta, haimwezi. Ana utando mwembamba tu, na juu ya utando amejifunika shuka la sukari.

Shuka hilo ni galaktani, mnyororo wa galaktozi iliyoungwa moja baada ya nyingine. Galaktozi si ngeni kwa mfugaji, kwa kuwa ni nusu ya sukari ya maziwa. Ila katika maziwa imejikunja kwa umbo la pete yenye pembe sita, na kwa bakteria huyu pete ina pembe tano. Umbo hilo la pembe tano mwili wa ng'ombe hauliundi, wala wetu. Kimeng'enya kimoja ndicho kinachoigeuza pete ya sita kuwa ya tano, na maagizo ya kukiunda yamo katika jeni moja, glf. Jeni hiyo ikiondolewa, shuka halifumwi.

Jambo hilo lilithibitishwa na watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, Nairobi, na wenzao wa nje. Walimtumia ndugu wa bakteria huyu, anayewashambulia mbuzi, yule ambaye jenomu yake iliundwa upya maabarani na taasisi ya J. Craig Venter, Marekani, mwaka 2010. Jenomu ilihamishiwa ndani ya hamira, glf ikakatwa, kisha jenomu ikarudishwa kwenye bakteria. Matokeo ya mwaka 2016 yalishangaza: bakteria aliyevuliwa alishika seli za mnyama zaidi kuliko aliyevaa. Shuka, kumbe, lilikuwa limefunika hata mikono yake mwenyewe. Kisha, katika utafiti uliochapishwa 2019, wengi wa mbuzi waliopewa aliyevaa waliugua vibaya, na waliopewa aliyevuliwa wakapata homa ya muda mfupi tu.

Nilimweleza mzee. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mbona hatuchanjiwi ng'ombe kwa huyo aliye uchi?"

Ni swali la haki. Chanjo tuliyo nayo, T1/44, ilitokana na bakteria mpole aliyepatikana Tanganyika na Sheriff na Piercy, akapitishwa mara 44 ndani ya mayai yenye kiinitete. Imeokoa mifugo mingi, lakini kinga yake hudumu kama mwaka mmoja. Chanjo ya sotoka aliyoitengeneza Walter Plowright pale Muguga ilitosha maisha yote ya ng'ombe. Mfugaji aliye mbali, anayehamia nyasi zilipo, akivuka mpaka wa Tanzania na kurudi, ataifuata sindano kila mwaka kwa njia gani? Mbuzi wa maabara si ng'ombe wa Rombo, nami sikutaka kumpa mzee ahadi isiyo yangu. Lakini jeni imeshajulikana, na kazi hiyo haikufanyika ng'ambo tu, bali Nairobi pia. Nataka iendelee, na haraka.

Jioni ng'ombe walirudi kutoka kwenye maji. Mzee aliwapitisha makusudi kwenye mteremko wa nyuma ya boma, akanishika mkono nisiseme. Walipanda wote, vumbi likatufikia. Tulisikia kwato, na kengele moja.