Ubavuni pa Mtu na Mahali Pake

Miaka iliyopita nilitafsiri hati ya Kimarekani iliyomkabidhi mtu fedha za watoto wa marehemu nduguye, azishike "in behalf of" watoto hao. Nikaandika "kwa niaba ya". Kosa hilo halikuwa dogo: nilimfanya mlezi naibu wao, ilhali hati ilimtaka azitumie kwa faida yao.

"Half" ya kale haikuwa nusu tu. Ilikuwa upande pia. Katika Kiingereza cha Kati walisema "on his halve", upande wake, na "bihalve him", kando yake. Semi hizo zikachanganyika, ikazaliwa "behalf". Baadaye wanasarufi, hasa wa Marekani, wakatenga: "on behalf of" ni kutenda badala ya mtu, "in behalf of" ni kumfaa au kumtetea. Wengi hawaujali mpaka huo, na Uingereza usemi wa pili umekaribia kutoweka.

Niaba yetu, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ni ndugu wa naibu; ndani yake hamna ubavu, mna kiti cha mwenyewe asiyekuwapo. Utata wetu uko kwingine, katika kauli ya kutendea. "Amemwandikia barua": amempelekea, amemsaidia, au ameshika kalamu mahali pake?

Hati ile niliiomba tena, nikaandika "kwa manufaa ya watoto".