Namba ya MAN 9000



Tumezoea kusema namba ya simu ya Mungu ni Yeremia 33:3. Amina, na haina foleni. (Msisahau Yeremia alipewa neno hilo akiwa bado amefungiwa katika uwanja wa walinzi.) Lakini leo nataka tuangalie namba za wanadamu, zile za dharura. Ziko habari mbili zilizoanza mwaka mmoja, 1935, zote Uingereza, na ile ya pili inaligusa kanisa moja kwa moja.

Usiku wa tarehe 10 Novemba 1935 moto ulizuka katika nyumba ya daktari mmoja, mtaa wa Wimpole Street, London. Wanawake watano walikufa. Jirani aliyeuona moto aliinua simu na kuzungusha 0, kama ilivyokuwa desturi siku hizo, ili opereta amuunganishe na zimamoto. Simu yake ikaingia kwenye foleni. Opereta hakuwa na njia ya kutofautisha simu ya moto na simu ya mtu anayetaka tu kumsalimia shangazi yake. Zote zilimfikia kwa sura moja. Jirani huyo aliandika barua kwa gazeti la The Times, uchunguzi ukafanywa, na tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza kutumika London.

Kwa nini 9 mara tatu? Kwenye simu ya kuzungusha, tundu la 9 lilikuwa karibu na mwisho wa duara, kwa hiyo kidole kingelipata hata gizani au kwenye moshi. Namba 1 iliogopwa, maana nyaya zikigusana zingeweza kuipiga zenyewe. Tena simu za sarafu zilirekebishwa kwa urahisi ili 9 ipite bila malipo. Siku hizo simu ya 999 ilipoingia, taa nyekundu iliwaka, king'ora kililia, na opereta aliacha kila kitu. Wiki ya kwanza zilipigwa simu zaidi ya 1,300, na 91 kati yake zilikuwa za mzaha. Watu ni watu.

Marekani walifuata na 911 mwaka 1968, wakaanzia mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Ulaya wakakubaliana 112 mwaka 1991. Sisi Kenya tulirithi 999 kutoka kwa Waingereza, na leo polisi wetu wanapatikana kwa 999, 112 na 911.

Sasa niulize. Ni nani ambaye hangeweza kupiga 999 hata king'ora kilie namna gani?

Ni mtu aliyetaka kujiua. Uingereza ya wakati huo, kujaribu kujiua ilikuwa kosa la jinai, na sheria hiyo iliondolewa mwaka 1961 tu. Mtu wa namna hiyo akipiga 999 amejiitia polisi wa kumkamata. Jirani wa Wimpole Street alikuwa kwenye foleni. Huyu hakuwa na foleni ya kusimama hata moja.

Hapo ndipo inapoingia habari ya pili. Mwaka ule ule wa 1935 kasisi kijana wa Kianglikana, Chad Varah, aliongoza mazishi yake ya kwanza, huko Lincoln. Marehemu alikuwa msichana ambaye hata miaka 15 hakuwa amefikisha. Alikuwa ameanza hedhi, akadhani ni ugonjwa wa zinaa, akajiua. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Kina mama na kina baba, someni sentensi hiyo tena.

Varah alikaa na kaburi lile moyoni miaka 18. Mwaka 1953 akiwa kasisi wa kanisa la St Stephen Walbrook, London, aliamua kuanzisha namba ya dharura kwa wanaotaka kujitoa uhai. Aliitaka MAN 9000, ifanane na 999 ili ikumbukwe. Mwenyewe alisimulia kwamba alipofuta vumbi simu ya kanisa, akakuta namba yake ni MAN 9000 tayari. Sisi tungeutolea ushuhuda huo ibada tatu mfululizo! Simu ya kwanza iliingia tarehe 2 Novemba 1953.

Watu wakaja wengi kuliko alivyoweza kuwaona. Waumini wa kujitolea wakawa wanakaa na wale wanaosubiri, wanawapa chai, wanawasikiliza. Varah akagundua kwamba wengi wakishamaliza kuongea na watu wa chai, hawana haja tena ya kumwona kasisi. Februari 1954 akawakabidhi simu. Ndivyo lilivyozaliwa shirika la Samaritans. Wenzao wa hapa kwetu ni Befrienders Kenya.

Wana sheria moja ambayo wengi wetu tutaikunjia uso: anayepokea simu haruhusiwi kumhubiria anayepiga. Nimeipima sheria hiyo kwa Maandiko. Eliya alipoomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea pepo wa mauti. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba, walipokaa naye kimya. Waliharibu walipofungua midomo.

Kenya nasi tulikuwa na sheria ile ile ya mkoloni, kifungu cha 226, hadi miaka miwili jela. Mahakama Kuu ilikiona kinakiuka katiba Januari 2025. Mahakama imesonga. Je, madhabahu zetu? Bado kuna mtu anayeogopa kumwambia mchungaji wake kuliko alivyoogopa polisi.

Kama mtu huyo ni wewe unayesoma, piga 1199, Kenya Red Cross, bila malipo. Mtoto apige 116. Kupiga si kukosa imani.

Na simu ya kanisa letu sasa itapokewa usiku pia, kwa zamu. Wanaotaka kujiunga waje Jumamosi saa nane mchana. Sihitaji wahubiri, nahitaji wanaojua kunyamaza na kutunza siri. Chai itakuwepo.